Penye miti ya Rungwe, wajenzi wa njia wako wapi?

Barabara itokayo Uyole, ikapanda milima ya Uporoto na kuteremka hadi Tukuyu, ni miongoni mwa barabara zinazofurahisha macho zaidi katika nchi hii. Basi likisimama Kiwira, abiria hushuka kununua mkungu wa ndizi, ndoo ya viazi au mfuko wa maparachichi, kisha safari inaendelea kuelekea Kyela. Kila ninapopita huko humwuliza jirani yangu wa kiti kama amewahi kufika Ziwa Ngozi. Majibu hufanana: amelisikia, ameona picha yake kwenye simu, lakini hajafika. Wengi wa wanaonijibu hivyo wamezaliwa mkoa wa Mbeya, na baadhi yao sasa wana wajukuu.

Halafu ije sikukuu. Pasaka, Idi au Krismasi, wazazi hao hao huhangaika kutafuta mahali pa kuwapeleka watoto. Wengi huishia baa yenye bembea mbili nyuma ya jiko la nyama choma, muziki ukiwa juu kiasi kwamba mtoto akitaka soda inabidi amvute baba shati. Fedha ya mwezi mzima huishia mezani, na jioni watoto hurudi nyumbani wamechoka bila kuona kitu cha kusimulia shuleni. Mwendo mfupi tu kutoka hapo kuna ziwa lililokaa ndani ya kinywa cha volkano, lililozungukwa na msitu wa asili. Kwa nini hawaendi?

Msimamo wangu nauweka wazi. Maeneo ya mapumziko katika misitu ya milima ya volkano ya Rungwe yahesabiwe kuwa huduma ya wananchi, katika daraja moja na soko, zahanati na uwanja wa mpira. Na fedha ya kwanza inayotengwa kwa ajili ya utalii wa huko iende kwenye njia za miguu, vyoo, mabenchi, vibao na waongozaji wa vijijini, kabla shilingi moja haijaelekezwa kwenye hoteli kubwa. Tukianza na haya madogo, msitu utapata watetezi na kaya zitapata kipato. Tukianza na makubwa, nina hofu tutayakosa yote mawili.

Neema iliyotokana na moto

Tuanze na kile tulichonacho. Mlima Rungwe una kimo cha takriban mita 2,960. Ni volkano iliyolala, na haiko peke yake. Jirani yake Kyejo ulitapika lava takriban miaka 200 tu iliyopita, na mpaka leo chini ya ardhi ya eneo hilo huvunwa gesi ya kaboni dayoksaidi, ile inayotia povu kwenye soda na bia. Upande wa pili wa barabara kuu ndiko iliko Ngozi, ambako kilele cha mlima kiliporomoka kikaacha shimo kubwa lenye ziwa. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Kingo zake ni mwinuko mkali uliofunikwa na miti, na anayefika ukingoni huliona lote kwa mara moja chini yake.

Volkano hizo hizo ndizo zilizofanya kazi nyingine zinazotushangaza. Lava iliyotiririka zamani ikakutana na Mto Kiwira ndiyo iliyoacha daraja la mwamba ambalo wananchi huliita Daraja la Mungu. Si mbali na hapo, karibu na Chuo cha Magereza Kiwira, kipo Kijungu, mahali mto unapotumbukia katika shimo la jiwe na kutokea mbele. Kuna maporomoko ya Kaporogwe, yenye pango nyuma ya pazia la maji. Kuna ziwa jingine la kreta kule Masoko, na kando yake boma la Wajerumani la enzi za ukoloni.

Msitu wenyewe ni hazina. Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, wenye zaidi ya hekta 13,000 chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Humo anaishi minde, paa wa msituni asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote duniani. Humo pia anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtambua 2003 na kumtangaza kwa ulimwengu 2005. Mwaka uliofuata walimpa jenasi yake wenyewe, wakaiita Rungwecebus kwa heshima ya mlima huu. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 80 tangu jenasi mpya ya kima itambuliwe Afrika. Sensa iliyofuata ilikadiria kwamba wamebaki wapatao 1,100 tu, katika misitu ya Rungwe na Kitulo na msitu mmoja wa Udzungwa.

Jambo moja katika habari ya kipunji halisimuliwi vya kutosha. Watafiti walianza kumtafuta baada ya kusikia habari zake kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Wenyeji walimjua, walikuwa na jina lake, walijua anakaa wapi. Elimu ilikuwepo kijijini kabla haijafika kwenye majarida. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu nitalirudia nikifika kwa waongozaji.

Njia mbovu hula mlima

Mvua ya Rungwe si ya mchezo. Miteremko ya kusini ya mlima hupata hadi milimita 3,000 kwa mwaka, na udongo wake unatokana na majivu ya volkano: una rutuba, una ulaini, na ukichubuliwa majani yake ya juu huondoka na maji upesi. Katika mazingira hayo, njia ya miguu haiwezi kuachwa ijitengeneze yenyewe.

Angalia kinachotokea. Mtu wa kwanza hupanda kwa kufuata mstari mfupi, moja kwa moja kuelekea kileleni. Wa pili hufuata nyayo zake. Mvua inakuja, maji yanaona njia iliyonyooka na kuifanya mfereji. Wanaokuja baadaye huogopa tope, hukanyaga pembeni, wakishikilia miche midogo ili wasiteleze, na miche inang'oka. Baada ya misimu michache njia ya upana wa mtu mmoja imekuwa korongo la upana wa gari, na mizizi ya miti mikubwa imebaki hewani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Waliokuja kuupenda mlima ndio walioujeruhi, kwa sababu hawakuonyeshwa pa kukanyaga.

Tiba yake inajulikana na ni rahisi. Njia ikatwe kwa kuzunguka mteremko badala ya kuuparamia. Kila hatua chache uwekwe mfereji mdogo wa kuyatoa maji nje ya njia. Penye mwinuko mkali ziwekwe ngazi za magogo au mawe, na penye ukingo wa kreta uwekwe uzio wa kushika. Hatuhitaji kukata hata mti mmoja wa asili. Wilaya hii hii ina Shamba la Miti Kiwira, lenye misindano iliyopandwa kwa ajili ya mbao. Kazi inayobaki ni ya jembe, sululu na mikono, na vijana wenye mikono wapo vijijini wakisubiri kibarua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Rungwe ni njia. Kuiziba leo ni vibarua vya wiki chache kila kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Kuiacha ni kuja kulipia maporomoko ya udongo, na hayo hayalipwi na watalii. Hulipwa na mkulima wa chini ambaye shamba lake la viazi limefunikwa.

Choo kabla ya hoteli

Nije kwenye jambo ambalo waandishi wa vipeperushi vya utalii hulikwepa. Mama aliyemleta binti yake wa miaka kumi katika matembezi ya siku nzima ana swali moja kabla ya kuuliza kuhusu mandhari: choo kiko wapi? Kama jibu ni kichakani, mama huyo hatarudi, na atawaambia wenzake wa kikoba. Nimetembelea maeneo ya mapumziko katika mikoa kadhaa ya nchi yetu ambako kibao cha ada ni kikubwa na kinang'aa, lakini choo hakipo, au kipo kimefungwa kwa kufuli ambalo mwenye ufunguo wake hajulikani aliko.

Kwenye milima hii, suala la choo ni suala la maji ya kunywa. Mito inayoteremka Rungwe kuelekea kusini, Kiwira ukiwa mmojawapo, hupita kwenye vijiji, mashamba ya chai na migomba mpaka Ziwa Nyasa. Kiwira huo huo ndio uliochaguliwa kuwa chanzo cha mradi mkubwa wa kupeleka maji Jiji la Mbeya. Upande wa kaskazini, miteremko ya Uporoto hulisha bonde la Usangu, na maji ya Usangu huingia Ruaha Mkuu, mto unaojaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kwa hiyo kinachoachwa nyuma ya kichaka kule juu hakiishii kule juu. Mkazi wa Mbeya afunguaye bomba, mvuvi wa Kyela na fundi wa kuchomelea anayetegemea umeme wa gridi, wote wana fungu katika usafi wa msitu huu.

Choo kizuri cha shimo, kilichojengwa mbali na kijito, chenye mlango, maji ya kunawa na mtu anayelipwa kukisafisha, hakigharimu hata sehemu ndogo ya ukumbi wa mikutano wa hoteli. Hali kadhalika kanuni ya taka: ulichopanda nacho ushuke nacho, na getini awepo anayehesabu chupa za plastiki zikipanda na zikishuka. Chupa moja ikipungua, mgeni aulizwe. Utaratibu kama huo unahitaji daftari, kalamu na mtu makini, na vyote vitatu vinapatikana kijijini.

Mwongozaji ni mtoto wa kijiji

Sasa nirudi kwa wawindaji waliomjua kipunji. Kama elimu ya msitu iko vijijini, basi ajira ya kwanza ya msitu iende vijijini. Kijana aliyekulia chini ya Uporoto anajua siku ukungu utakaposhuka mapema, anajua mti upi huzaa matunda yanayopendwa na kima, na anajua mahali ambapo mwamba wenye utelezi humwangusha mgeni. Anajua pia kwamba katika ardhi ya volkano kuna mashimo na mabonde madogo ambamo haifai kuketi, kwa maana kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hutuama chini. Mgeni kutoka Dar es Salaam hawezi kuyajua hayo kwa kusoma kibao.

Lakini kujua peke yake hakutoshi. Kijana huyo anahitaji mafunzo ya huduma ya kwanza, kitambulisho, viatu vya kufaa, koti la mvua na bei inayojulikana. Leo, mahali pengi nchini, mgeni akishuka kwenye gari huzungukwa na vijana watano, kila mmoja na bei yake, na matembezi yanaanza kwa mabishano. Familia yenye watoto ikikutana na hali hiyo mara moja, hairudi. Kikundi kilichosajiliwa, chenye zamu na bei moja iliyobandikwa, humlinda mgeni na kumlinda kijana pia dhidi ya mwenzake anayeshusha bei mpaka kazi inakosa maana.

Fedha ya kuanzia ipo kisheria. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo mingi ya vijana huishia kwenye bodaboda, na si vibaya, lakini kila kona ya Tukuyu tayari ina bodaboda. Kwa nini kikundi cha waongozaji kisikopeshwe viatu, kamba, hema na vifaa vya huduma ya kwanza? Kwa nini kikundi cha akina mama kisikopeshwe masufuria na mabenchi, wauze magimbi, mahindi ya kuchemsha na chai ya maziwa getini, katika wilaya inayosifika kwa maziwa na chai? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji aliyepona kwa sababu ya msitu hana haja ya kupanda usiku kuchoma mkaa ndani yake.

Mali bila daftari

Hapa ndipo mipango mingi mizuri hufia. Ada hukusanywa, risiti hutolewa, na mwanakijiji hasikii tena habari yake. Mwaka unaofuata anaambiwa alinde msitu kwa faida ya taifa. Mtu atalindaje mali ambayo hajawahi kuona hesabu yake? Mali bila daftari huisha bila habari.

Majirani zetu wa Rwanda, ambao nao wana msitu juu ya milima ya volkano, wana la kutufundisha. Tangu 2005 walianza kuzigawia jamii zinazopakana na hifadhi zao asilimia 5 ya mapato ya utalii, na 2017 wakaipandisha kuwa 10. Fedha hiyo hujenga shule, zahanati na miradi ya maji, na mkulima wa viazi chini ya volkano zile anaweza kuonyesha kwa kidole kitu kilichotokana na sokwe. Sisi hatuna sokwe wa milimani, na hatuwezi kutoza ada zao. Tunachoweza kuiga ni kanuni: fungu la kijiji liwe asilimia inayojulikana, litoke kwa wakati, na lisomwe hadharani.

Sheria ya Misitu ya 2002 tayari imeweka mlango wa usimamizi shirikishi, ambapo wananchi na mwenye hifadhi hukubaliana wajibu na manufaa. Tuutumie mlango huo kwa shughuli za mapumziko pia. Idadi ya wageni, ada iliyopatikana na fungu la kijiji vibandikwe kila robo mwaka kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kisha visomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi moja ya aina hiyo italinda miti mingi kuliko doria kumi.

Hoja ya wanaotaka hoteli

Wapo watakaonijibu kwamba nawaza kidogo. Watasema nchi inahitaji fedha za kigeni, uwanja wa ndege wa Songwe unafanya kazi tangu 2012, na kinachokosekana Nyanda za Juu Kusini ni vitanda vya hadhi. Hoja hiyo ina uzito na naiheshimu. Mgeni aliyetoka mbali anahitaji mahali pa kulala.

Lakini mgeni huyo halipi nauli ya ndege ili aone kitanda. Anakuja kwa ajili ya ziwa, msitu na kima asiyepatikana kwingine. Kama njia ya kufika huko imegeuka korongo la tope, hoteli itabaki na mapazia mazuri na vyumba vitupu. Tena hoteli huhitaji ardhi, kuni, maji na barabara ya magari ndani au karibu na msitu, na ikishajengwa haibomoki kwa urahisi tukigundua tumekosea mahali. Ngazi ya mbao iliyowekwa vibaya huhamishwa kwa siku moja.

Wengine watasema chema chajiuza: Ngozi ni nzuri, watu watakuja tu. Chema hujiuza pale kinapofikika. Ziwa limekuwepo karne na karne, na jirani yangu wa kiti kwenye basi bado hajaliona. Wageni wa ndani, wanaokuja mwaka mzima kwa mabasi ya kawaida, ndio nguzo ya kuaminika zaidi. Dunia ilipofunga mipaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, maeneo yaliyotegemea wageni wa ng'ambo pekee yalikaa kimya, na familia zilizotegemea mishahara ya huko zilijua maana ya kimya hicho. Mwananchi anayelipa ada ndogo Jumapili baada ya Jumapili hana haja ya viza.

Wanafunzi watangulie

Kundi ninalolipigania zaidi ni wanafunzi. Jiografia ya sekondari hufundisha volkano, kreta, lava na mmomonyoko wa udongo. Kwa mwanafunzi wa Rungwe, Busokelo au Mbeya, masomo hayo yote yapo nje ya dirisha, na bado wengi huyajua kwa mchoro wa ubaoni tu. Baiolojia hufundisha uainishaji wa viumbe, na hapa kuna kiumbe aliyepewa jenasi mpya kwa jina la mlima wao. Je, ni wangapi wamemwona, au walau kusimama chini ya mti anamoishi?

Pendekezo langu ni kwamba kila mwanafunzi wa shule za wilaya zinazopakana na misitu hii aingie bure angalau mara moja kabla ya kumaliza darasa la saba, na mara nyingine kabla ya kidato cha nne. Mzazi achangie nauli na chakula, hifadhi isamehe ada, mwongozaji alipwe na halmashauri. Mtoto aliyewahi kuketi kwenye benchi ukingoni mwa Ngozi na kuelezwa maji ya bomba la kwao yanatoka wapi, akiwa mtu mzima hatatishwa na cheo cha mtu anayetaka kukata miti hiyo. Atauliza maswali. Taifa linalinda kile ambacho watu wake wamekikanyaga kwa miguu yao.

Yaulizwe kwenye bajeti

Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga, na Rungwe ina miti mingi. Wajenzi ninaowataka si wa kutoka mbali. TFS wana mamlaka ya hifadhi na mbao za shamba la miti. Halmashauri za Rungwe na Busokelo zina mikopo ya vikundi na maofisa maendeleo ya jamii. Vijiji vina vijana, akina mama na elimu ya msitu. Kinachokosekana ni kuwaketisha wote meza moja na kuwapa orodha fupi: njia moja iliyokatwa kitaalamu, vyoo viwili, mabenchi kumi, kikundi kimoja cha waongozaji chenye bei iliyobandikwa, na ubao mmoja wa mapato. Waanze na eneo moja, walikamilishe, ndipo wahamie la pili.

Halmashauri huandaa bajeti kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Huo ndio wakati wa mwananchi kusimama kwenye mkutano wa kijiji na kumwuliza diwani wake: katika bajeti hii, kifungu cha njia na vyoo vya msituni kiko ukurasa gani, na kimetengewa shilingi ngapi? Diwani anayeweza kupigania barabara ya lami anaweza kupigania ngazi mia mbili za mbao. Aulizwe mbele ya watu, na jibu lake liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, ili mwaka ujao tuwe na pa kuanzia kumdai.